Mbunge Aliyesikika Kiwandani

Jumanne hiyo, baada ya chakula cha mchana, Zillah Entwistle alimaliza chai yake, akapangusa makombo ya keki kwenye sketi, akaingia ukumbini mwa Bunge la London kutoa hotuba yake ya kwanza. Kichwani alikuwa na kofia ya mdogo wake Annis, maana ya kwake ilikuwa na doa la mafuta ya mashine. Spika akamwita kwa jina. Zillah akasimama, akashika mgongo wa kiti cha mbele, akaanza kusema. Midomo ilitembea vizuri sana, ila sauti haikutoka.

Wabunge walingoja kwa adabu. Walidhani ni woga wa mgeni. Zillah mwenyewe hakugundua kitu, kwa sababu tangu utotoni alifanya kazi kati ya mitambo ya kufumia nguo, mahali ambapo mtu hajisikii hata akipiga kelele, kwa hiyo kusema bila kujisikia kwake lilikuwa jambo la kila siku. Alisema ya moyoni mpaka akayamaliza, akaketi. Spika akamshukuru kwa utulivu wake. Waandishi wa Bunge wakaandika kwamba Mheshimiwa Entwistle alisimama, kisha akaketi, na kikao kikaendelea na habari za mnara wa taa uliovunjika huko Cornwall.

Sauti ilikuwa imekwenda nyumbani. Huko Thornclough, mji wa pamba kule kaskazini, ilisikika ndani ya kiwanda kizima, safi, juu ya ngurumo ya mitambo, utadhani msemaji amesimama begani kwako. Annis alikuwa chumba cha kuchambulia pamba, nywele zote nyeupe kwa vumbi. Akamgeukia mwenzake, Peg Ormerod, akamwambia kwa midomo, "Huyo si dada?"

"Ndiye," Peg akajibu kwa midomo. "Mbona anatetemeka? Mwambie asimame wima."

Hakuna aliyezima mtambo. Mtambo uliozimwa haumlishi mtu, na hotuba ilisikika vizuri tu hivyo hivyo.

Jamani, msiwaone watu wa Thornclough kama mabubu. Wanawake wa kiwandani husemeshana kwa midomo, wakiikunjua na kuikunja kwa madaha, kila neno likachongwa likaonekana, kwa sababu sikio halifai kitu pale. Wanasengenya, wanachumbiana, wanatukanana kutoka ukuta hadi ukuta, na nyapara katikati yao hana hili wala lile. Wakiwa barabarani mwanamke mmoja yuko ng'ambo ya mtaa na mwingine dirishani, wanamalizana umbea wa wiki nzima bila kuamsha mtoto. Zillah alifunzwa hayo na mama yake kabla hajafunzwa kufunga kamba za viatu vyake vya mbao.

Ni wanawake hao hao waliompeleka Bungeni. Uchaguzi ulipofika walitoka kazini na viatu vyao vya mbao, kwa-kwa-kwa juu ya mawe, wakagonga kila mlango wa Thornclough. Mwanamume aliyesema hampigii kura mfuma nguo alijibiwa na mkewe kutoka jikoni, na chakula kikachelewa. Zillah alishinda kwa kura nyingi kuliko alivyotarajia. Siku alipopanda treni kwenda London alilia tangu stesheni ya kwanza mpaka ya tatu, na hakuwa na huzuni hata chembe. Alikuwa anashukuru tu, na shukrani ilikuwa kubwa kuliko leso aliyokuwa nayo.

Wikendi ile ya kwanza aliporudi, mbeba mizigo wa stesheni alimpokea kwa kelele. "Mheshimiwa! Mke wangu anasema ulianza vibaya ukamaliza vizuri!"

"Mkeo alinisikia wapi?"

"Kazini, wapi tena?"

Ndivyo Zillah alivyojua. Alikaa jikoni kwa Annis, wakala matumbo ya ng'ombe na vitunguu, Annis akamrudishia hotuba yote neno kwa neno, mpaka pale alipokohoa.

"Basi London hawakusikia hata neno?" Zillah akauliza.

"Sijui ya London mimi," Annis akasema. "Sisi tumesikia. Dada, wewe unajua yule mbunge wa kabla yako alikaa miaka mingapi? Sijawahi kumsikia hata akipiga chafya."

Bunge lilijitahidi, si kwamba halikujitahidi. Zillah alipelekwa kwa daktari wa koo, naye akakuta koo zuri, akasema laiti makoo yote yangekuwa hivi. Kwenye chumba cha chai alisikika barabara, na alipoomba maziwa aliletewa maziwa. Ukumbini tu ndimo sauti ilimokataa kukaa. Kupeleka hotuba kwa karatasi ni mwiko Bungeni. Mbunge husema kwa kinywa chake. Rafiki yake, Emrys Pugh, mchimba makaa kutoka Wales, alijitolea kusema maneno yake badala yake. Alipofungua kinywa, sauti yake nayo ikaenda zake Thornclough. Kiwanda kizima kikaulizana kwa midomo, nani huyu anayetuimbia? Pugh hakurudia tena. Wala hakuweza kusoma midomo ya Zillah, kwa sababu wachimba makaa husemeshana gizani.

Miaka ikapita. Zillah alichaguliwa tena, na tena, kila mara kwa kura nyingi zaidi. Wabunge wa pande zote mbili walimpenda sana, kama watu wanavyompenda mgeni asiyewasumbua. Gazeti moja la London lilimsifu kwa heshima na staha. Huku Thornclough wanawake walizijua sera zake kama wanavyojua vidole vyao. Walijua msimamo wake juu ya bei ya mkate, juu ya nyumba zenye unyevu, juu ya wajane. Alipokosea, Jumamosi sokoni aliambiwa. "Zillah, ile habari ya shule uliikoroga. Umeruka kitu pale katikati." Naye alisimama na kapu lake mkononi, akasikiliza, akasema asante, Jumanne akarekebisha. Wiki ya mapumziko, kiwanda kinapofungwa na mji mzima unahamia ufukweni Blackpool, hakusimama Bungeni kabisa. Angesema na nani?

Kisha kifua cha Annis kikaanza kubana.

Kilianza kwa Jumatatu, kama kinavyowaanza wote wa chumba kile. Mtu akipumzika Jumapili, Jumatatu akirudi kwenye vumbi la pamba kifua kinakaza, Jumanne kinalegea. Baadaye kikawa kinakaza Jumanne vilevile. Baadaye kikawa hakiachii. Daktari wa kiwanda alisema ni mvua ya kaskazini. Daktari wa mtaani, mzee Pilling, alifunga mlango kwanza, ndipo akasema, "Ni vumbi. Ukipita lango lile tena, Annis, utakuwa unanunua jeneza."

Basi Annis akaacha kazi, akakaa kwenye kiti cha jikoni. Na alipoacha kazi alipoteza kitu kimoja ambacho hakuna aliyekifikiria. Sauti ya Zillah ilisikika kiwandani tu. Hatua moja nje ya lango, kimya. Jumanne zilipofika, Annis alikaa dirishani akatazama bomba la moshi, akijua kwamba pale chini yake dada anasema, na yeye hasikii.

"Nitakusimulia Jumamosi," Zillah akamwambia.

"Kusimuliwa ni kupewa chakula kilicholala," Annis akasema, akajilazimisha kucheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Hapo ndipo Zillah alipofunga kibwebwe. Aliandaa hoja: feni za kuvuta vumbi ziwekwe katika kila chumba cha kuchambulia pamba, na ugonjwa ule uitwe kwa jina lake, ugonjwa wa kazi, usisingiziwe mvua. Bila feni, wenzake Annis walikuwa wanamfuata mmoja mmoja, na Peg tayari alikuwa na kifua cha Jumatatu. Spika, mtu mwungwana kabisa, alimweleza kanuni chumbani kwake. Hoja isiyosikika haijatolewa. Lakini akipatikana mbunge mmoja tu, wa upande wowote, atakayesimama na kusema ameisikia, itahesabiwa imetolewa, na itapigiwa kura.

"Nani atasema amenisikia, Mheshimiwa Spika, na hakuna anayenisikia?"

"Hapo ndipo ugumu ulipo, mama," akasema Spika, akammiminia chai.

Rafiki zake wangeweza kudanganya. Pugh alisema yuko tayari. Zillah akakataa, kwa sababu uongo ungegundulika katika swali la kwanza, na feni zingezikwa pamoja nao.

Wiki chache kabla ya siku ya hoja alikuwa anasema juu ya jambo jingine, mabomba ya maji. Mkabala naye alikaa Sir Ambrose Whitlock, tajiri ambaye familia yake ina viwanda vya pamba bonde la pili. Alikuwa amekula vizuri mchana ule, na kizibao chake kilikuwa kimefika mwisho wa uvumilivu. Wanawake wa mitamboni wana tabia yao: katikati ya maneno mazito hurusha mzaha pembeni bila kukatisha, wenzao wachekee ndani. Zillah, bila kuwaza, akachomeka: "Kifungo kile cha Sir Ambrose kikikatika leo, Spika hana maisha."

Sir Ambrose akafunika vifungo kwa mkono, akavuta koti likafunga.

Zillah akamalizia mabomba ya maji upesi upesi. Akamngojea mlangoni.

"Sir Ambrose. Umefunga koti."

"Kuna baridi, Bi. Entwistle."

"Mle ndani mtu anaweza kuoka mkate." Akamsogelea, na safari hii akasema kwa midomo mitupu, kwa madaha yote ya Thornclough, "Umejifunzia wapi?"

Na Sir Ambrose, kabla hajajizuia, akajibu kwa midomo, "Kwa yaya."

Wakakaa chumba cha chai. Yaya wake, Bi. Tattersall, alitoka mitamboni akiwa kiziwi na kifua kibovu, akaajiriwa kumlea mtoto wa bwana mwenye kiwanda. Ambrose alijua kusema kwa midomo kabla hajajua kusema kwa sauti. Alisimulia hayo huku akizungusha kijiko, uso umelainika kama wa mtoto aliyeamshwa.

"Kwa hiyo miaka yote hii," Zillah akasema.

"Kila neno. Ile hotuba ya wajane nilikwenda kulia chooni."

"Na hukusema?"

"Hukuniuliza, Bi. Entwistle."

Zillah alitaka kumwagia chai. Badala yake aliona moyo wake unafunguka, maana kwa mara ya kwanza katika mji ule wote amepata mtu aliyemsikia, na mtu akisikika anashukuru hata asipopenda. Akamweleza habari za Annis. Akamwambia hahitaji kuipenda hoja, hahitaji kuipigia kura. Asimame tu aseme: nimesikia.

"Nitaona," akasema Sir Ambrose. "Nitaona nitakavyofanya."

Siku ya hoja ilikuwa Jumanne. Thornclough nzima ilijua, na Annis alijua kuliko wote. Asubuhi Peg alipopita kumjulia hali alimkuta amevaa gauni lake la Jumapili, ameshajifunga kitambaa kichwani.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Mnanibeba," Annis akasema.

"Thubutu! Daktari Pilling atatuua."

"Daktari Pilling hana dada Bungeni. Nibebeni, Peg. Usinifanye niombe, pumzi sina."

Mchana wakambeba na kiti chake cha jikoni, wanawake wanne, wakapita lango. Nyapara alitaka kuuliza, akatazama nyuso zao, akakumbuka ana kazi upande mwingine. Wakamweka kati ya mitambo, vumbi likimwangukia taratibu begani na mapajani, akakaa wima kama mtu aliyeko kanisani.

London, Zillah akasimama. Alisema kuliko alivyowahi kusema maishani. Alisema habari za kifua cha Jumatatu, madirisha yanayofungwa ili uzi usikatike, madaktari wanaolaumu mvua. Akamtaja Annis kwa jina. Akawataja wengine, walio hai na waliozikwa, na huku kiwandani kila aliyetajwa, au binti yake, akainua mkono kidogo bila kuacha kazi. Kisha akaketi.

"Je," akauliza Spika, "yupo mheshimiwa yeyote aliyeisikia hoja hii?"

Zillah akamtazama Sir Ambrose. Machozi yalikuwa yanamtiririka bwana yule mpaka kwenye kola. Midomo yake ikatembea, polepole, wazi, kama alivyofunzwa. "Yote ni kweli. Bi. Tattersall alikufa hivyo hivyo. Viwanda ni vya baba yangu. Nisamehe." Wengine wote waliona mzee anatafuna kitu. Hakusimama.

Spika akangoja muda wa heshima, tena kwa huruma, kisha akaita jambo lililofuata, bandari.

Ijumaa Zillah alipanda treni na mikono mitupu. Njia nzima alitunga namna ya kuwaambia, na hakuna hata moja iliyokaa sawa. Alipoingia jikoni alimkuta Annis kwenye kiti, blanketi magotini, na Peg anachochea moto. Akaanza, "Annis, mpenzi, wame..." Akakatiza. Aliona nyuzi nyeupe kwenye nywele za mdogo wake.

"Pamba hiyo imefikaje kichwani mwako?"

Peg akageukia moto, akauchochea usiohitaji kuchochewa.

"Peg! Mmempeleka mle? Mle ndani?"

"Mfokee mwenyewe," Peg akasema. "Mimi nilishafokewa."

Annis hakuwa na pumzi ya kusema kwa sauti. Akasema kwa midomo, akichonga kila neno, kama enzi zile walipokuwa wasichana, mmoja mwanzo wa chumba na mwingine mwisho. "Nimekusikia, dada. Yote. Ulinitaja Bungeni. Mimi, Annis Entwistle, mchambua pamba. Mama angekuwepo angevimba kichwa akashindwa kupita mlangoni. Asante."

"Hawakuipitisha, Annis. Hawakuisikia. Feni hakuna."

"Najua. Peg kaniambia mitambo ni ile ile na madirisha yamefungwa vile vile." Akapumzika, mkono kifuani. "Asante hivyo hivyo. Hakuna mtu aliyewahi kusema juu yetu kwa sauti namna ile. Nilikaa pale nikasema, Mungu, kumbe sisi ni watu wa kusemewa."

Zillah akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwa mdogo wake, akalia, na akashukuru kwamba yupo wa kumlilia. Mapaja yalinukia pamba.

Alipoinua kichwa, Annis alikuwa anasema tena. "Jumanne watanibeba."

"Hapana."

"Watanibeba. Wewe endelea na kazi yako."

"Basi sitasimama. Nitakaa kimya Jumanne yote."

"Kaa. Nitakusubiri mle mle kwenye kiti mpaka useme. Unanijua."

Alikuwa anamjua. Akasafiri Jumatatu, hakulala, hakula. Jumanne, baada ya chakula cha mchana, hakugusa chai. Aliwaona kana kwamba yuko nao: wanawake wanne, kiti cha jikoni, lango, vumbi linalomshukia Annis kwenye gauni la Jumapili. Akaingia ukumbini kabla ya wote. Mambo ya kwanza tu yalipoitwa, akasimama, wala hakungoja jina lake. Spika alimruhusu, kwa mazoea.

Zillah akasema, "Annis, mpenzi, rudi nyumbani. Peg, mtoeni sasa hivi. Nakuja Ijumaa na keki." Akaketi.

Spika akamshukuru kwa ufupi wake. Waandishi wakaandika kwamba Mheshimiwa Entwistle alisimama, kisha akaketi. Upande wa pili Sir Ambrose Whitlock alikuwa anatazama viatu vyake.

Na Thornclough, kati ya mitambo, kiti kilikuwa ndiyo kwanza kimegusa sakafu. Annis alicheka mpaka wakaogopa. "Amenifukuza," akawaambia kwa midomo, macho yakimwaga machozi ya furaha. "Mmeona? Amenifukuza mbele ya Bunge zima!" Wakamwinua na kiti chake, wakamtoa langoni, wakampangusa pamba mabegani kwa aproni zao, halafu wakarudi ndani, maana nyapara alikuwa ameshaanza kutazama saa.